Mbuzi Kapanda Mbuyu: Panini wa Bara Hindi na Hesabu ya Mizani Mgogoni

Ndugu msomaji, makala hii imezaliwa na aibu, na afadhali niianze na aibu yenyewe kabla hujaisikia kwa mwengine.

Mwaka jana nilichukua daftari la mashairi ya ami yangu, ndugu wa baba, anayekaa Mgogoni kule Pemba, nikalifanyia kazi ya semina. Ami ni mkulima wa karafuu. Ametunga tangu ujana wake na hajapata kuchapisha hata ubeti mmoja. Mimi, kwa kutaka kuonekana nakwenda na wakati, nikaunda programu ndogo ya kompyuta ya kuhesabu mizani. Kanuni yake ilikuwa ya mstari mmoja tu: kila palipo na irabu hesabu moja, jumlisha, kisha nambie kama kipande kimetimia nane. Nikaona nimemaliza kwa jioni moja kazi ambayo wazee wetu wanahangaika nayo kwa vidole.

Programu ikaniletea orodha ndefu ya mishororo "iliyopungua". Miongoni mwayo ulikuwamo huu, wa shairi alilolitunga ami mwaka wa ukame:

Mbuzi kapanda mbuyu, nchi imesha majani

Kompyuta ikasema saba na saba. Basi nikafanya wanavyofanya wahariri wengi, nikamtengenezea mzee shairi lake. "Kapanda" nikaifanya "kaupanda", na "imesha" nikaifanya "imekwisha". Sasa ikawa nane na nane. Nikausoma mshororo huo mbele ya darasa kama mfano wa "urekebishaji wa arudhi", na nikapigiwa makofi.

Likizo ilipofika nikaenda Mgogoni na karatasi yangu. Nilimkuta ami uani, juu ya jamvi, anachambua karafuu na kutenga makonyo. Baada ya shikamoo na marahaba, nikamsomea. Alipofika mbuzi, mkono ukasimama.

"Soma tena, mwanangu."

Nikasoma tena.

"Sasa uimbe."

Nikajaribu kuuimba kwa sauti ile ile anayoimbia yeye, na pale kwenye "kaupanda mbuyu" sauti ikanikwama. Silabi moja ilikuwa haina pa kukaa. Ami akanyoosha vidole, akaanza: mbu, zi, ka, pa, nda, m, bu, yu. Vidole vinane. Kisha: n, chi, i, me, sha, ma, ja, ni. Vinane tena. Akaniuliza swali moja tu: "Hiyo m ya mbuyu umeipeleka wapi?"

Hilo swali la ami ndilo mada ya makala hii. Kwa macho, mbuzi na mbuyu yanaanza sawasawa, yana herufi tano tano na irabu mbili mbili. Kwa sikio, la kwanza lina mizani mbili na la pili lina mizani tatu. Na si mimi peke yangu niliyeanguka hapo. Nimeona wahakiki wenye vyeo wakihesabu mizani kwa kalamu na kutangaza kwamba malenga fulani "amevunja arudhi", hali aliyevunja ni wao.

Sababu yenyewe inajulikana na kila aliyesoma sarufi kidogo, ila hatuifikirii tunapohakiki. Mbuyu uko katika ngeli ya mti na miti: wingi wake ni mibuyu. M yake ni ufupisho wa mu-, kiambishi kamili kilichopoteza irabu, na kwa kuwa kilikuwa silabi kimebaki silabi. Mbuzi wingi wake ni mbuzi. Mb yake ni sauti moja iliyoshikana, haikupata kuwa na u katikati. Anayetaka ushahidi zaidi na atazame neno mbuni. Mbuni ambao ni mti wa kahawa, wingi wake mibuni, una mizani tatu. Mbuni ambaye ni ndege mkubwa wa nyika ana mizani mbili. Herufi ni zile zile, kwa mpango ule ule. Hakuna kompyuta wala mhakiki anayeweza kuhesabu mizani za neno hilo kwa kulitazama tu. Lazima ajue neno limetoka wapi.

Nchi nayo ina kisa chake. Hapa hakuna mu-. Lakini Kiswahili hutia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, na nchi, ukiondoa nazali, imebakiwa na silabi moja tu. Mkazo ukaangukia nazali yenyewe, ikawa silabi. Ndivyo ilivyo katika mbwa, mbu, nta, nge na nne. Basi "n" ya nchi ina mizani, na "n" ya ndani haina.

Nilirudi chuoni na swali la ami kichwani, na katika kutafuta jibu nikaangukia kwa mtu ambaye sikumtarajia: Panini, mwanasarufi wa lugha ya Kisanskriti, mzaliwa wa Shalatura, karibu na Attock katika Pakistan ya leo. Aliishi karne ya 5 au ya 4 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Ninajua kuna msomaji atakayeuliza Kisanskriti kinatuhusu nini sisi. Kwanza, kila anapotia sukari katika chai, pilipili katika mchuzi, au kuhesabu laki katika biashara, anatumia maneno ambayo asili yake ya mbali ni lugha hiyo, yaliyotufikia kwa majahazi na kwa kupitia lugha nyengine. Lakini hiyo ni pembeni. Panini anatuhusu kwa sababu alilijibu swali la "umeipeleka wapi?" kwa utaratibu ambao wataalamu wa kompyuta waliufikia zaidi ya miaka elfu mbili baadaye.

Kitabu chake kinaitwa Ashtadhyayi, yaani chenye sura nane. Kila sura ina sehemu nne, na ndani yake mna kanuni zinazokaribia 4,000. Kila kanuni huitwa sutra, neno lenye maana ya uzi. Nyingi ni fupi mno, maneno mawili au matatu. Ufupi huo ulikuwa na kazi: sarufi hii ilihifadhiwa kwa moyo na kusomwa kwa mdomo, kama vijana wetu wanavyohifadhi chuoni kwa mwalimu. Neno lolote lililoweza kuachwa liliachwa. Neno likishatajwa katika kanuni moja, kanuni zinazofuata hulirithi bila ya kulitaja tena, mpaka lije jengine la kulizuia.

Kabla ya sura ya kwanza kuna orodha ya sauti zote za lugha, imepangwa katika mafungu 14. Mwisho wa kila fungu imetiwa konsonanti ambayo haihesabiwi kuwa sauti. Ni alama tu, kama kijiti cha mpaka wa shamba. Sasa ukitaka kutaja kundi la sauti, unataja sauti ya kuanzia na kijiti cha kuishia. Ac ni kutoka a mpaka kijiti c, yaani irabu zote. Hal ni kutoka h mpaka kijiti l, yaani konsonanti zote. Silabi moja inabeba kundi zima. Mtu wa programu ataona hapa kitu anachokifanya kila siku: kulipa kundi jina fupi, kisha kuandika kanuni kwa jina hilo badala ya kuorodhesha upya.

Tuchukue kanuni moja ili msomaji aonje. Panini anasema kwamba i, u na irabu mbili nyengine za lugha yake hugeuka y, v na wenzao mbele ya irabu. Dadhi ni maziwa mgando, atra ni hapa. Zikikutana zinakuwa dadhyatra. Madhu ni asali. Madhu na atra inakuwa madhvatra. Sasa, ndugu msomaji, tamka i-angu upesi upesi. Yangu. Tamka u-angu. Wangu. Mu-ana ni mwana, vi-ote ni vyote. Hii haina maana kwamba Kiswahili kimetokana na Kisanskriti, na wanaopenda kuzua nasaba za lugha kwa mifano kama hii naomba wasinitumie. Vinywa vya watu ni vile vile, na i ikibanwa na irabu inateleza kuwa y, iwe ukingoni mwa mto Indus au Mgogoni.

Ila jambo la kutazama ni namna Panini anavyoiandika kanuni hiyo. Hasemi kwa maneno marefu "badala ya" wala "mbele ya" wala "baada ya". Amekwisha kubaliana na msomaji wake mapema kwamba, ndani ya kitabu hiki, jina likiwa katika hali ya umilikishi maana yake ni "badala ya hiki". Likiwa katika hali ya mahali, "mbele ya hiki". Likiwa katika hali ya utokeo, "baada ya hiki". Yaani aliichukua sarufi ya lugha yake akaifanya kuwa lugha ya pili, ya kuzungumzia ile ya kwanza. Kila kanuni ikawa na nafasi nne: kinachobadilishwa, kinachokuwa, kilicho kushoto na kilicho kulia. Wanafonolojia wa karne ya 20 waliandika kanuni zao kwa mshale na mstari, na nafasi ni zile zile nne.

Watu wa kompyuta walimgundua kwa kuchelewa. Mwaka 1959 John Backus alitoa namna ya kuandika kanuni za lugha ya programu iliyokuja kuitwa ALGOL, na Peter Naur akaitumia katika ripoti ya lugha hiyo ya mwaka 1960. Mwaka 1967 Peter Ingerman akaandika barua katika jarida la wanakompyuta la Marekani akipendekeza kwamba namna ile iitwe kwa jina la Panini na Backus pamoja, maana mzee wa Shalatura alitangulia. Kwa maoni yangu pendekezo hilo ni la heshima kuliko usahihi. Kanuni za Backus hubadilisha kitu bila ya kujali jirani zake. Za Panini zinauliza jirani kwanza, na hapo ndipo penye utamu wake.

Nitaje pia uvumi mmoja, kwa sababu nimeusikia hata barazani: eti shirika la anga la Marekani limethibitisha kwamba Kisanskriti ndiyo lugha bora ya kompyuta. La hasha. Kilichopo ni makala ya Rick Briggs ya mwaka 1985, mtafiti aliyefanya kazi katika kituo cha shirika hilo, iliyosema kwamba wanasarufi wa Kihindi walikuwa na namna ya kuifafanua sentensi inayofanana na namna ambayo wataalamu wa akili bandia walikuwa wakiitafuta. Hakuna chombo kilichorushwa angani kwa Kisanskriti. Sifa ya Panini iko katika sarufi yake, na sarufi kama hiyo inaweza kuandikiwa lugha yoyote, Kipemba kikiwamo.

Na nijaribu basi. Sisi tuliolelewa Pemba hatusemi mtu, tunasema ntu. Tunasema ntoto, nkono, nchele. Mgeni hucheka akadhani tumekosea. Lakini hakuna Mpemba anayesema nbuyu wala npira; hapo anasema mbuyu na mpira kama watu wote. Na hakuna anayesema nana kwa mwana. Kumbe kuna utaratibu, na unaandikika kwa hatua tatu. Kwanza, u ya mu- ikikutana na irabu huwa w. Pili, u ya mu- iliyobaki mbele ya konsonanti huanguka, isipokuwa mbele ya h, ndiyo maana muhogo umebaki na u yake. Tatu, m iliyobaki bila ya u hufuata mahali pa konsonanti inayofuata: kama ni ya midomo, inabaki m, kama ni ya ulimi kwenye meno au ufizi, inakuwa n, na kwenye k inarudi nyuma zaidi, ingawa tunaiandika n.

Jaribu kuzipindua hatua hizo uone. Ukianza na ya pili, ukaangusha kila u bila ya kutazama jirani, mu-ana inakuwa mana, na mwana wa watu amepotea. Utaratibu wa hatua ni sehemu ya sarufi kama zilivyo sauti zenyewe. Panini alilijua hilo vizuri. Sehemu tatu za mwisho za kitabu chake zimewekewa sharti kwamba kanuni iliyoko mbele haionekani na zilizotangulia: kila moja inafanya kazi kwa zamu yake na hairudi nyuma. Kwengineko, kanuni mbili zikigombania mahali pamoja, kuna kanuni ya kuamua ugomvi. Wafafanuzi wa jadi waliielewa kwamba kanuni iliyokuja baadaye kitabuni ndiyo inayoshinda, wakalazimika kuongeza vighairi vingi vya kuiokoa. Mwaka 2022 ilitoka tasnifu ya Rishi Rajpopat wa Chuo Kikuu cha Cambridge inayodai kwamba "ya baadaye" maana yake ni ile inayogusa upande wa kulia wa neno. Magazeti yalishangilia kwamba fumbo la miaka 2,500 limefumbuliwa. Wataalamu wengine wa Kisanskriti hawajakubali. Mimi simo katika ugomvi huo. Ninachokiona ni kwamba watu wazima wanabishana mpaka leo juu ya mpangilio wa hatua katika sarufi iliyotungwa kabla ya karatasi.

Jambo jengine la Panini lililonifaa ni kutoweka. Kwake yeye sauti kutoweka ni ubadilishaji kama mwengine: sauti imebadilishwa na kitu kisichosikika, na mahali pake pamebaki. Tazama wingi wa ngeli ya u- katika Kiswahili. Ulimi, ndimi. Ubavu, mbavu. Wimbo, nyimbo. Halafu ukuta, kuta. Mwalimu wa shule atakwambia ukuta "haufuati kanuni". Unafuata. Nazali ya wingi ilikuja mbele ya k, ikatoweka, na kutoweka kwake ni kanuni kama nd ya ndimi. Tukilielewa hili, nusu ya "vighairi" vya vitabu vyetu vya sarufi vitakwenda zao.

Sasa nirudi kwa m ya ami. Tatizo la programu yangu lilikuwa la kumbukumbu. Baada ya hatua ya pili u imeanguka, na mbuyu na mbuzi zinafanana. Anayehesabu mizani mwishoni hana njia ya kujua nani alikuwa na u. Panini alikuwa na tatizo la aina hiyo hiyo kwa viambishi vyake, na dawa yake ilikuwa kukibandika kiambishi sauti ya ziada isiyotamkwa kamwe. Sauti hiyo inabeba amri: hapa ongeza nguvu ya irabu, hapa weka mkazo. Amri ikishatekelezwa, alama inaanguka na neno linatoka safi. Nikamuiga. Katika faili langu la maneno nimeandika mbuyu kwa M kubwa na mbuzi kwa m ndogo. Programu ikikuta M kubwa inahesabu mizani moja, kisha inaishusha kuwa ndogo kabla ya kuchapisha. Kwa nchi na ndugu zake nimeongeza kanuni nyengine: hesabu kwanza silabi zilizobaki baada ya nazali, na ikiwa ni moja, nazali nayo ni mizani. Nikaipitisha tena kwenye daftari la ami. Mshororo wa mbuzi ukatoka nane na nane, na ule wangu "uliorekebishwa" ukatoka tisa na tisa.

Nisijisifu, maana kazi ya kweli ya aina hii ilishafanywa na wengine. Mwaka 1983 Kimmo Koskenniemi wa Helsinki, Finland, alitoa mfumo wa kuchanganua maneno kwa ngazi mbili, ya juu ikiwa ni umbo la asili na ya chini ikiwa ni linalotamkwa, kanuni zote zikifanya kazi kwa pamoja bila ya kupangwa foleni. Arvi Hurskainen wa chuo kikuu hicho hicho akautumia mfumo huo kwa Kiswahili, kazi aliyoianza mwaka 1985 na kuieleza katika makala ya mwaka 1992. Programu yake iliweza kulichukua neno la Kiswahili lililoandikwa na kulipambanua viambishi, mzizi na ngeli. Yaani kuna mashine iliyokuwa ikijua kuwa mbuyu una mu- ndani yake wakati wahakiki wetu bado wanahesabu irabu.

Hapa ndipo ninapotaka kuigusa ile mada inayowagawa wanafunzi wa fasihi kila mwaka, ya kanuni za ushairi. Kaluta Amri Abedi alitoa kitabu chake cha sheria za kutunga mashairi mwaka 1954, na tangu hapo neno "sheria" limetutawala. Miaka ya 1970 vijana wa chuo kikuu walikuja na tungo huru. Kichomi cha Kezilahabi kilitoka mwaka 1974, na Mulokozi na Kahigi wakaleta Kunga za Ushairi mwaka 1979. Upande mmoja ukasema vina na mizani ndiyo uti wa mgongo, mwengine ukasema ni pingu. Nimesoma mabishano hayo na naona pande zote mbili zilikubaliana kwa jambo moja bila ya kujua: kwamba mizani ni kitu kinachojulikana, kipo kwenye karatasi, na kazi iliyobaki ni kukitii au kukiasi. Hawakukaa kuuliza mizani ni nini. Ami hajasoma kitabu chochote kati ya hivyo, na yeye ndiye aliyeuliza.

Bara Hindi waliuliza. Pingala, aliyeandika juu ya arudhi karne chache kabla ya Nabii Isa, aligawa silabi kuwa nyepesi na nzito, kisha akaonesha namna ya kuorodhesha mipangilio yote inayowezekana bila ya kurukwa hata mmoja. Kwa silabi nane mipangilio ni 256. Ni hesabu ya mbili mbili, ile ile inayoendesha kompyuta. Na karibu na kwetu zaidi, Al-Khalil bin Ahmad wa kabila la Azd la Oman, aliyefanya kazi Basra katika karne ya 8, aliupima ushairi wa Kiarabu kwa herufi zenye kutikisika na zenye kutulia, akazipanga bahari zake katika duara tano. Neno letu mizani na neno letu bahari tumeyapata huko. Lakini tulipoyachukua maneno tukabadilisha kitu: sisi hatupimi uzito, kila silabi kwetu ni sawa na mwenzake. Kwa hiyo swali lote la mizani ya Kiswahili limejikusanya mahali pamoja tu, nalo ni kipi kinahesabiwa kuwa silabi na kipi hakihesabiwi. Ukikosea hapo umekosea pote.

Na anayejua ni kinywa. Hili nalo ni la Panini. Watu humdhania kuwa mtunga amri, kwa kuwa baadaye kitabu chake kilifanywa kuwa kipimo cha nani anajua Kisanskriti na nani hajui. Lakini ukikisoma utamkuta anasikiliza. Kuna kanuni anazoziwekea "si lazima". Kuna anazozitaja kuwa ni za watu wa mashariki, na nyengine za watu wa kaskazini. Paul Kiparsky aliandika mwaka 1979 kwamba Panini hata alikuwa na maneno tofauti ya kueleza hiari inayopendelewa na hiari isiyopendelewa sana. Sarufi yenye ukali wa kihesabu namna ile ilikuwa na chumba cha lahaja ndani yake.

Linganisha na tulivyofanyiwa sisi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikichagua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ikahakikisha vitabu vya shule vinafuata. Sina ugomvi na usanifishaji. Makala hii imeandikwa kwa Kiswahili sanifu, kama inavyostahili gazeti la chuo. Ugomvi wangu ni kwamba ntu haikuwekwa kando kuwa "ya Wapemba" au "si lazima". Iliwekwa kuwa kosa. W. H. Whiteley alipotoa kitabu chake juu ya Pemba mwaka 1958 alizikusanya lahaja na tungo za kisiwa mahali pamoja, na nadhani alikuwa na akili kuliko mitaala yetu, inayoisoma lahaja katika somo la isimu na ushairi katika somo la fasihi, Jumatatu na Alhamisi, kana kwamba Kamange na Sarahani walikuwa wakitungia lugha ya mahali pengine.

Mwezi uliopita nilirudi tena Mgogoni, kompyuta mkobani. Nilimuomba ami radhi kwanza, akanipa. Kisha tukaijaribu programu mpya kwa maneno ya daftari lake, yeye akihesabu kwa vidole na mashine ikihesabu kwa namna yake. Walikubaliana sana, mpaka tukafika "nchini". Hapo programu ilitoa mbili, kwa kuwa ukiongeza -ni mkazo unahamia chi, na nazali haina tena haja ya kusimama peke yake. Ami alikunja kidole, akakikunjua, akaimba kimoyomoyo.

"Mimi naweza kuiweka mbili," alisema, "na naweza kuiweka tatu. Nategemea sauti inaniomba nini."

Basi nimeiandika hivyo: nchini, mizani 2 au 3, hiari ya mtunzi. Ni kanuni ya kwanza ya "si lazima" katika programu yangu, na ilinichukua muda kuliko nyengine zote, kwa sababu sasa mashine inabidi iuhesabu mshororo mara mbili na ikubali ikiwa njia moja inatimia.

Ami akataka kuitega. "Iandikie mbuni."

Nikaandika. Kompyuta ikakaa kidogo, kisha ikatoa maneno niliyoitia mwenyewe: mti au ndege?

Ami akacheka mpaka karafuu zikamwagika kutoka kiganjani. "Hii sasa imeanza kuuliza," alisema, akarudi kwenye jamvi lake.